Simu Haina Miguu

Mazungumzo ya asubuhi katika redio
Soma: 2 Yohana, mstari wa 12; Wafilipi 2:25-30

  Wengine mnanisikia mkiwa jikoni mkichemsha chai. Wengine mko ndani ya matatu mkielekea kazini. Wengine mmelala kwa ugonjwa, na redio iko kando ya kichwa. Karibuni nyote. Asubuhi hii nataka tuzungumze juu ya vyombo vidogo tunavyovibeba mfukoni na mkobani, na hasa juu ya simu.

Kwanza niungame. Mimi ni mtu anayependa sana vyombo. Ugonjwa huu ulinianza nikiwa mtoto. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri nne, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo za kutufikisha jioni. Siku hizo redio ya taifa ilikuwa bado inaitwa Sauti ya Kenya, maana jina la KBC lilikuja mwaka wa 1989. Kila jioni baba alikaa kimya asikilize habari, kisha matangazo ya vifo. Siku moja nilitaka kumwona yule mtu anayesema humo ndani. Nikachukua kisu, nikafungua skrubu zote. Mtu sikumwona, na kuirudisha redio sikuweza. Baba aliporudi alitazama vipande vile mezani, akasema neno moja tu: "Umeinyamazisha nyumba." Fimbo ilifuata baadaye, lakini neno lile ndilo ninalolikumbuka mpaka leo.

Sikupona. Hata sasa, nikiwa kasisi mwenye mvi, vijana wa parishi huniletea simu zilizovunjika kioo kabla hawajampelekea fundi. Simu yangu mimi ina Biblia ndani yake, ina kitabu cha sala, ina tochi, saa, kamera, ramani, na kibeti cha pesa. Nimeanzisha kundi la WhatsApp la parishi, na kila siku kabla jua halijachomoza huwatumia washiriki mstari mmoja wa Biblia pamoja na neno fupi la kuwatia moyo. Washiriki hao ni zaidi ya mia mbili. Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, usidhani kwamba leo umesikia mhubiri anayekuja kuilaani simu. Mimi namshukuru Mungu kwa ajili ya simu.

Nina sababu ya kushukuru. Nilipokuwa chuo cha theolojia, mama yangu alikuwa akiniletea pesa kwa njia ya utingo wa basi. Alizitia katika bahasha, akaifunga kwa gundi na kwa maombi, nami nikaenda stendi kungoja. Mara nyingine bahasha ilifika, mara nyingine ilifika ikiwa imepungua. Kisha mwezi wa Machi mwaka 2007 M-Pesa ikaanza hapa Kenya. Mwaka uliofuata mama aliuza mboga zake huko Wundanyi, akanitumia shilingi mia tano kwa simu. Nilipousoma ujumbe ule sikuamini. Nilikwenda dukani kwa wakala, nikampa kitambulisho, naye akanihesabia noti bila kuuliza ni za nani. Nilitembea kurudi chuoni nikimsifu Mungu. Mama alikuwa ameunyosha mkono wake kutoka milima ya Taita mpaka bwenini kwangu.

Tena tusisahau mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi ugonjwa wa korona ulipotangazwa kuingia nchini, makanisa yalifungwa. Tulikatazwa kukusanyika, na mazishi yakawa ya watu wachache. Tungefanya nini bila simu na redio? Tuliomba na wagonjwa kwa simu. Tuliwasomea wafiwa Zaburi kwa simu. Katika siku zile vyombo hivi vilikuwa mkate wa jangwani, na mtu asiyeshukuru kwa hilo amesahau upesi.

Lakini nataka niwaeleze jambo lililonipata baadaye, wakati milango ilikuwa imefunguliwa na barabara ziko wazi, wala hakuna aliyekatazwa kwenda popote.

Katika parishi yetu yuko mama mmoja mjane. Ameniruhusu nisimulie habari hii, mradi nisitaje jina lake. Jumapili moja baada ya ibada aliningoja mlangoni, akafungua leso, akatoa simu yake, hizi ndogo za kubonyeza tunazoziita kabambe. Akasema, "Mchungaji, simu yangu imekataa kupokea ujumbe. Niangalizie."

Tukakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Nikaifungua simu, na mara nikaona shida. Nafasi ya kuwekea ujumbe ilikuwa imejaa. Nikatazama zile jumbe. Karibu zote zilikuwa za M-Pesa, na karibu zote zilitoka kwa mtu mmoja, mwanawe anayefanya kazi Nairobi. Nikamwambia, "Mama, kazi hii ni ndogo. Nitazifuta hizi za zamani, na nafasi itapatikana." Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Akanishika mkono. Akasema, "Hapana, baba, usifute. Hizo ndizo barua za mwanangu."

Nikazitazama tena. Mpenzi msikilizaji, wewe unaujua ujumbe wa M-Pesa. Una herufi na tarakimu za kuthibitisha, una kiasi cha pesa, una jina la aliyetuma, una tarehe, una saa. Basi. Hauna "Mama hujambo." Hauna "Nimekuota." Nami nikamwuliza mama yule, "Barua? Zinasema nini?"

Mama yule hakusoma sana, lakini tarakimu anazijua, na jina la mwanawe analitambua kwa umbo lake. Akaanza kunisomea. "Hapa," akasema, "alikuwa ameanza kazi, alinitumia elfu tatu ya kwanza. Hapa alituma saa nane za usiku. Nilijiuliza kwa nini mtoto hajalala. Hapa ilipita miezi miwili pasipo kitu, kisha ikaja mia tano. Nikajua kazi imeharibika. Nikafunga siku moja, nikamwombea." Alikwenda hivyo, ujumbe baada ya ujumbe, akimsoma mwanawe katika kiasi na katika saa, kama vile mtu asomavyo mvua katika mawingu.

Nikamwuliza, "Kwani hampigiani simu?" Akajibu, "Hunipigia. Husema, Mama, nimetuma, umeona? Nami nasema nimeona. Halafu husema, haya, tutaongea." Nikamwuliza ni lini mwanawe alikuja nyumbani. Akatazama chini. "Tangu tulipomzika baba yake."

Sikuifuta hata moja ya barua zile. Nilitafuta matangazo ya biashara na ya michezo ya bahati nasibu yaliyojaa humo, nikayafuta hayo, na simu ikapata nafasi. Mama akashukuru, akaifunga simu yake katika leso, akaenda zake.

Lakini mimi sikupata amani. Jioni ile nilikaa sebuleni katika nyumba ya kasisi, nikafungua simu yangu mwenyewe, nikatafuta jina la mama yangu mzazi. Nikaanza kusoma yale niliyomwandikia. Mwisho wa mwezi, pesa. Mwisho wa mwezi uliotangulia, pesa. Na kati ya mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi, kila asubuhi, mstari wa Biblia. Nikafurahi kidogo kuona ile mistari. Kisha nikatambua kwamba ni mistari ile ile niliyowatumia washiriki mia mbili. Mama aliyeniuzia mboga nikasoma alikuwa amekuwa mmoja katika orodha. Lakini kila mstari ulikuwa na zile alama mbili za buluu, kuonyesha kwamba umefunguliwa. Nikajifariji: angalau anasoma.

Mimi nahudumu Voi. Kutoka Voi kupita Mwatate mpaka Wundanyi si safari ya kutisha. Waweza kupanda matatu asubuhi, ukala chakula cha mchana na mama yako, ukarudi kabla ya giza. Nilikuwa sijafika kwake tangu Krismasi, na huo ulikuwa mwezi wa Agosti.

Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nikapanda matatu bila kumwambia mtu. Nilipofika, mama alikuwa amekaa nje mlangoni. Alisikia hatua zangu, akainua kichwa. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akasimama kwa haraka, akashika mwimo wa mlango. Unajua alisema nini? Hakusema karibu. Alisema, "Nani amekufa?"

Wapenzi wasikilizaji, mimi ni kasisi. Nimebisha katika nyumba nyingi nikileta habari za msiba. Lakini sikujua kwamba hata kwa mama yangu mzazi nimekuwa mgeni wa misiba peke yake. Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa, Mama. Nimekuja tu." Hakuamini mara moja. Alitaja majina ya ndugu zangu mmoja mmoja, nami nikajibu mzima, mzima, mzima. Ndipo akaketi, akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Kisha akaniandalia chai. Alipokuwa akimimina, nikaona chai inaanguka kando ya kikombe, mezani. Hakugundua. Nikamwuliza, "Mama, unaona vizuri?" Akasema, "Kidogo kuna ukungu." Nikamwuliza tangu lini. Akasema, "Tangu mvua ya mwaka jana." Nikamwuliza, "Na ile mistari ninayokutumia kila asubuhi, unaisomaje?" Akasema, "Mjukuu huifungua kabla hajaenda shule. Mara nyingine hunisomea. Mara nyingine amechelewa."

Zile alama za buluu zilikuwa kweli: mtu alikuwa ameufungua ujumbe. Lakini macho ya mama yangu hayakuwa yameuona. Mwaka mzima nilimwuliza kwa simu, "Mama, hujambo?" naye akanijibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Hakunidanganya. Mama zetu ndivyo wanavyojibu. Simu ilinipa sauti yake yote. Kikombe nilikiona nilipoketi mezani kwake. Tulimpeleka kwa daktari, naye akasema ni mtoto wa jicho. Jicho moja limekwisha kupasuliwa, na sasa anaona. Namshukuru Mungu. Lakini nawauliza, wapendwa, ni mambo mangapi ya namna hiyo yako katika nyumba za wazazi wetu, na sisi tunatazama alama za buluu tukijifariji?

Sasa tufungue Neno la Mungu. Waraka wa pili wa Yohana ni mfupi sana, mistari kumi na mitatu tu. Karatasi moja yatosha. Karibu na mwisho, mtume anawaambia wasomaji wake kwamba ana mengi ya kuwaandikia, lakini hapendi kuyamaliza yote kwa karatasi na wino. Anataraji kufika mwenyewe, waongee pamoja, ili furaha yao ipate kukamilika. Katika waraka wa tatu anasema karibu jambo lilo hilo juu ya wino na kalamu.

Karatasi na wino! Hizo ndizo zilizokuwa simu za zamani zile. Karatasi ya siku za mitume ilitengenezwa kwa mafunjo, mimea ile inayoota majini, ambayo nasi tunayo kando ya ziwa la Naivasha na ziwa la Victoria. Mashina yake yalikatwa vipande vyembamba, yakapangwa, yakagongwa pamoja, yakakaushwa. Ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa. Na neno lenyewe tunalo mpaka leo. Katika Kiyunani Yohana aliita kitu hicho kwa neno ambalo baadaye Waarabu walilichukua, nasi tukalipata kwao: karatasi. Ukisema karatasi, unatumia jina lililotoka katika lile lile la Yohana.

Angalia jinsi mtume alivyokuwa na busara. Hakukidharau chombo cha siku zake. Alikitumia, na kama asingekitumia, wewe na mimi tusingekuwa na waraka huu. Lakini alijua mpaka wake. Alijua kuna furaha ambayo wino hauwezi kuifikisha. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba katika Kiyunani anasema juu ya kinywa kuelekea kinywa. Yaani watu wawili waliokaribiana hata kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake. Furaha iliyokamilika, asema Yohana, iko hapo.

Hata aliyeiunda simu alilijua jambo hili. Alexander Graham Bell alipofaulu kwa mara ya kwanza kusema maneno yaliyosikika vizuri kwa simu, tarehe 10 Machi 1876, katika mji wa Boston huko Marekani, alizungumza na msaidizi wake, Thomas Watson, aliyekuwa katika chumba kingine. Alimwambia nini? Alimwita aje, kwa kuwa alitaka kumwona. Ndilo jambo la kwanza kupita kwa simu: njoo, nataka kukuona. Naye Watson hakujibu kwa simu akakaa alipokuwa. Alikwenda. Tena mke wa Bell, aliyeitwa Mabel, alikuwa kiziwi tangu utoto. Alisikia kwa kuitazama midomo ya anayesema naye. Mtu aliyeupa ulimwengu simu ilimpasa kuketi mbele ya mkewe, uso kwa uso, kila alipotaka kumwambia neno.

Sasa mtu ataniuliza, "Mchungaji, je, kutuma pesa si upendo? Yule kijana wa Nairobi anayemtumia mama yake, unamhukumu?" La hasha. Simhukumu. Kutuma ni upendo, na wako wengi wasiotuma hata senti. Lakini tazama Wafilipi. Paulo alikuwa amefungwa, na kanisa la Filipi likampelekea msaada. Msaada ule ulikuja mkononi mwa mtu, jina lake Epafrodito. Alifunga safari, akafika, akakaa na Paulo akamhudumia, naye akaugua hata akakaribia kufa. Paulo alipowaandikia Wafilipi aliwashukuru kwa vitu walivyomletea, naam, katika sura ya nne. Lakini juu ya Epafrodito mwenyewe aliandika kwa moyo mwingine kabisa: ndugu, mwenzangu kazini, askari pamoja nami. Akawaagiza wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna hiyo. Msaada wa Filipi ulikuwa na miguu. Ulikuwa na mtu wa kuketi kando ya mfungwa na kumwuliza amelalaje.

Na zaidi ya Epafrodito, mtazame Mungu mwenyewe. Waraka kwa Waebrania unaanza kwa kutukumbusha kwamba zamani Mungu alisema na baba zetu kwa manabii, mara nyingi na kwa njia nyingi.  Lakini hakuridhika kusema kutoka mbali. Wakati ulipotimia, Neno mwenyewe alitwaa mwili akaja kukaa kwetu. Alikula samaki pamoja nasi. Aliwagusa wenye ukoma, ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Alilia penye kaburi la rafiki yake. Huo ndio moyo wa imani yetu, ndugu zangu. Mungu alikuja.

Basi tufanye nini? Nina mambo machache ya kukuomba, wala si magumu.

Kwanza, fungua simu yako leo, utafute jina la mzazi wako, au la shangazi aliyekulea, au la rafiki mliyekosana naye. Soma uliyomwandikia mwaka huu. Usimsomee mtu mwingine. Soma wewe na Mungu wako. Ikiwa ni pesa tupu na mistari ya kutuma kwa wengi, basi umejua mahali pa kuanzia.

Pili, unapotuma msaada, piga simu siku nyingine, siku ambayo hukutuma kitu. Usianze na pesa. Mwulize alikula nini jana. Mwulize kuku wangapi wametotoa. Ngoja ajibu. Mzee akinyamaza kidogo katika simu, usikate, anatafuta neno.

Tatu, mwenye uwezo wa kwenda, aende. Usingoje msiba. Sisi watu wa siku hizi tumekuwa hodari wa kusafiri kwenda mazishini. Tunakodisha basi, tunashona nguo za sare, tunachanga kwa simu hata usiku wa manane. Nauli ile ile ingetufikisha kwa mtu huyo akiwa hai.

Najua wako wasioweza kwenda. Yuko binti anayefanya kazi Uarabuni, na mkataba haujaisha. Yuko muuguzi wa zamu. Yuko mfungwa. Kwenu nasema, msihukumiwe na mazungumzo haya. Yohana naye alikuwa bado hajafika, alisema anataraji. Weka taraja hilo katika sauti yako, na yule anayekupenda atalisikia. Na ninyi mlio jirani na mama wa binti huyo, ninyi ndio miguu yake. Mtembeleeni badala yake.

Lakini wako pia wanaoweza na hawaendi, kwa sababu nyingine. Nilimwomba yule mama mjane ruhusa, nikampigia mwanawe wa Nairobi. Sikumkemea. Nilimweleza tu habari ya zile barua alizokataa zifutwe. Alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mchungaji, nilifukuzwa kazi. Sasa nafanya vibarua. Naona haya kufika nyumbani mikono mitupu." Kumbe! Ile mia tano mama alikuwa ameisoma sawasawa. Alijua tangu zamani. Alikuwa amekwisha kufunga na kuomba kwa ajili ya jambo lile lile ambalo mwanawe analificha.

Mpaka ninapoyasema maneno haya, kijana yule hajafika. Amesema atakuja. Mama bado anangoja. Na kwa kuwa redio inafika mahali ambapo mimi siwezi kufika, nataka niseme neno moja na yeyote aliye katika hali kama yake, aliyeko Nairobi, au Mombasa, au mahali pengine popote. Mwanangu, ndugu yangu, yule mwana mpotevu alirudi akiwa hana viatu, na babaye akamwona angali mbali, akamkimbilia. Hakumtazama mikononi. Mama yako naye hatatazama mikono yako. Anataka kuuona uso wako akiwa bado ana macho ya kuuona. Njoo na mikono mitupu. Njoo na haya zako. Ila njoo.

Na huenda yuko anayenisikia ambaye hajamrudia Mungu kwa sababu iyo hiyo. Unasikiliza redio ya dini, unatuma sadaka kwa simu, unajibu "Amina" katika kundi la kanisa, lakini mwenyewe huji, kwa kuwa unajiona huna cha kuleta. Baba anakujua. Amekusoma katika mambo madogo uliyodhani hayasemi kitu. Anakungoja.

Tuombe. Ee Baba, tunakushukuru kwa akili ulizowapa wanadamu, hata sauti ikapita milima na pesa ikafika pasipo basi. Tusamehe pale tulipoviacha vyombo vifanye kazi ya miguu yetu. Wakumbuke wazazi wanaongoja asubuhi hii. Wape nguvu walio mbali na wasioweza kurudi. Watie ujasiri wanaoona haya. Utufundishe kufika, kama wewe ulivyotufikia katika Mwanao, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

 Mazungumzo yakiisha, izime redio kidogo, umpigie mtu mmoja simu, umwambie siku utakayofika kwake. Mungu awabariki. Kwaherini.